Gari la familia linanuka? Tafuta chanzo kabla ya kununua manukato

Gari la familia likianza kunuka, wengi wetu hukimbilia kununua kile kimti cha karatasi chenye manukato kinachoning'inizwa kwenye kioo. Siku mbili tatu gari linanukia vanila. Wiki inayofuata harufu ya zamani inarudi, safari hii ikiwa imechanganyika na hiyo vanila, na watoto wanalalamika kichefuchefu kabla hawajafika shule.

Manukato hayaondoi harufu mbaya, huifunika tu. Na hilo lina hatari yake, kwa sababu harufu ni taarifa. Inaweza kuwa inakuambia kuna chupa ya maziwa iliyosahaulika chini ya siti. Inaweza pia kuwa inakuambia moshi wa injini unaingia pale watoto wanapokaa. Ukiifunika, umejinyima taarifa.

Habari njema ni kwamba vyanzo vingi vya harufu hupatikana kwa pua, tochi na saa moja au mbili za Jumamosi asubuhi. Lakini kabla ya kushika ndoo na kitambaa, hakikisha harufu yenyewe si miongoni mwa zile ambazo hazisubiri Jumamosi.

HARUFU ZA KUKUFANYA USIMAME

Moshi wa eksozi. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi. Ukisikia moshi ndani ya gari, chukulia kwamba na gesi hiyo ipo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na hapo ndipo mzazi anapoweza kupotea: mtoto amelala siti ya nyuma, wewe unadhani amechoshwa na safari.

Moshi huingia kupitia bomba lililotoboka au kuachia kwenye maungio, mpira wa mlango wa buti uliochakaa, au tundu la sakafuni. Huingia pia kwa mazoea yetu ya kubeba godoro huku mlango wa buti ukiwa wazi umefungwa kamba. Gari linapokwenda, hewa huzunguka kwa nyuma na kuvuta moshi hadi ndani. Kama hakuna namna nyingine ya kubeba mzigo huo, watoto wasiwemo.

Ukisikia moshi ndani, fungua vioo vyote, egesha pembeni, zima injini na ushushe kila mtu. Mwenye dalili apelekwe hospitali kwa gari jingine, na mweleze daktari kwamba alikuwa kwenye gari linaloingiza moshi.

Petroli. Harufu kidogo mara tu baada ya kujaza mafuta si ajabu. Ikidumu, kagua kifuniko cha tanki, kisha mpeleke fundi aangalie mipira ya mafuta. Kama chanzo ni kidumu cha akiba ndani ya buti, kitoe leo. Petroli haibebwi kwenye dumu la maji au la mafuta ya kupikia, tena pamoja na abiria.

Gesi ya kupikia. Wengi tunabeba mtungi kwenye buti kutoka dukani. Gesi hiyo kwa asili haina harufu. Ile tunayoisikia imeongezwa makusudi ili kututahadharisha. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya siti na kwenye buti. Beba mtungi ukiwa umesimama wima na umefungwa usianguke, vioo vikiwa wazi, na uushushe mara ufikapo. Ukisikia gesi, usiwashe wala kuzima kitu chochote cha umeme kwenye gari. Fungua milango na mkae mbali.

Kuungua. Harufu ya plastiki inayoungua ni dalili ya waya au kifaa cha umeme kilichopata moto. Simama, zima injini, toka. Harufu kali ya kuungua baada ya mteremko mrefu kama wa Kitonga mara nyingi hutoka kwenye breki zilizopata joto kupita kiasi. Egesha mahali salama ziachwe zipoe zenyewe, na ukiendelea tumia gia ndogo.

Zipo nyingine mbili za kumpelekea fundi bila kuchelewa. Harufu tamu tamu, hasa ikiambatana na kioo cha mbele kuwa na utando kama wa mafuta, huashiria kulanti inayovuja. Maji hayo ni sumu, na utamu wake unaweza kumvutia mtoto mdogo au paka. Harufu ya yai viza nayo huweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi au kwenye mfumo wa eksozi.

JINSI YA KUWINDA CHANZO

Ondoa manukato yote siku moja kabla. Acha gari juani vioo vikiwa vimefungwa kwa saa moja au mbili, kwa sababu joto huamsha harufu. Kisha fungua mlango mmoja mmoja na uinamishe pua karibu na siti, kapeti na matundu ya hewa.

Fanya haraka. Pua huzoea, na baada ya dakika chache hutasikia chochote. Toka nje uvute hewa, kisha rudi. Bora zaidi, mwombe jirani au shangazi yao ambaye hapandi gari hilo kila siku. Atakuonyesha kwa kidole kitu ambacho wewe umeshakizoea miezi mitatu.

Toa kila kitu: mati, kava za siti, siti ya mtoto, tairi ya akiba. Mulika tochi chini ya siti, kwenye reli zake, kwenye mifuko ya nyuma ya siti na kwenye shimo la tairi ya akiba. Kipande cha ndizi, soksi ya mpira au kopo la uji huweza kukaa huko muhula mzima.

Jiulize pia: harufu inakuja lini? AC ikiwashwa tu? Baada ya mvua? Gari likikaa juani? Jibu la swali hilo hupunguza nusu ya kazi.

AC IKINUKA KAMA NGUO ZILIZOVUNDA

Ndani ya dashibodi kuna kifaa kinachopoza hewa. Kikipoa, maji hujikusanya juu yake kama yanavyojikusanya kwenye glasi yenye barafu. Yakichanganyika na vumbi, gizani, kuvu huota. Ukiwasha AC asubuhi, uvundo huo unapuliziwa usoni mwa mtoto. Kwa mwenye pumu au mafua ya mzio, hewa ya namna hiyo inaweza kumwamsha kikohozi.

Anza na filta ya hewa ya ndani. Kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, na huhitaji bisibisi kubwa kuifikia. Ukiitoa ikiwa nyeusi, ina majani au manyoya ya panya, badilisha. Angalau mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi. Wanaopita barabara za vumbi wasingoje mwaka uishe.

Pili, dakika tano kabla ya kufika nyumbani, zima kitufe cha AC lakini acha feni ikipuliza. Kifaa kitakauka, na kuvu haipendi pakavu. Tabia hii haigharimu hata shilingi. Harufu ikikataa kuondoka, mwambie fundi wa AC akisafishe kifaa hicho kwa dawa yake na kuzibua mrija wa kutolea maji.

KAPETI LILILOLOWA

Mrija huo ukiziba, maji hurudi ndani na kulowesha kapeti upande wa abiria wa mbele. Wakati wa masika, mvua nayo hupita kwenye mipira ya milango iliyokakamaa. Juu kapeti linaweza kuonekana kavu kabisa, kumbe sponji iliyo chini yake imeshiba maji.

Kipimo chake ni rahisi. Tandika gazeti kavu juu ya kapeti, likanyage kwa nguvu, kisha litazame. Likilowa, usipoteze sabuni. Tafuta kwanza maji yanapoingilia, ziba, halafu inua kapeti likauke juani pamoja na sponji yake, hata kama itachukua siku mbili au tatu. Kuosha kapeti ambalo bado linavujiwa ni kutwanga maji kwenye kinu.

MAZIWA, MATAPISHI NA MKOJO

Hizi ndizo harufu za kawaida za gari lenye watoto, na kosa la kawaida ni kufuta juu tu. Maziwa yaliyomwagika huzama kwenye sponji ya siti na kuchachia humo.

Kwanza kandamiza kitambaa kikavu kinyonye. Usisugue, kwani kusugua husukuma uchafu ndani zaidi. Tumia maji baridi. Maji ya moto hugandisha protini ya maziwa na matapishi kwenye nyuzi za kitambaa. Kisha pitisha sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya (pakiti huandika), iache ifanye kazi, na uisuuze kwa kitambaa chenye maji kidogo. Siti ikikauka kabisa, nyunyiza magadi soda ya unga, yalale usiku kucha, kisha yanyonye kwa mashine ya waosha magari.

Siti ya mtoto ina masharti yake. Kava huvuliwa na kufuliwa, lakini mikanda yake isilowekwe wala kutiwa dawa ya kung'arisha nguo, kwa sababu inaweza kudhoofika na kushindwa kumshika mtoto siku ya ajali. Ifute kwa kitambaa chenye sabuni laini na ufuate maelekezo ya mtengenezaji.

Shombo la samaki kwenye buti huondoka kwa kufuta na mchanganyiko wa siki na maji, nusu kwa nusu, kisha kuacha buti wazi juani. Safari nyingine samaki asafiri kwenye ndoo yenye kifuniko. Kama harufu ni ya mzoga na inatoka kwenye matundu ya hewa, huenda panya amefia ndani. Vaa glavu na barakoa, lowesha kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuokota, na usifagie kinyesi chake kikiwa kikavu.

USIVITUMIE HIVI

Usichanganye dawa ya kung'arisha nguo na siki, wala kuimwaga juu ya mkojo. Hutoa gesi zinazochoma macho na mapafu, na gari ni chumba kidogo kuliko vyote ulivyonavyo.

Usiweke vidonge vya naftalini chini ya siti. Mvuke wake unaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwenye maeneo yenye malaria kama yetu. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo.

Mkaa mkavu kwenye kikapu husaidia kidogo kunyonya masalia ya harufu, lakini baada ya chanzo kuondoka, si badala yake.

UKIENDA KUNUNUA GARI

Pua hiyohiyo itakuokoa fedha. Gari la mtumba lililojazwa manukato kupita kiasi lichunguze mara mbili. Inua kapeti, tazama shimo la tairi ya akiba, vuta mkanda wa siti hadi mwisho. Tope au alama ya maji kwenye mkanda ni ishara kwamba gari liliwahi kuingiwa na mafuriko, na uvundo wa namna hiyo hufuatwa na matatizo ya umeme.

Baada ya hapo, kanuni za nyumbani ni chache: mfuko wa taka ndani ya gari, kilicholowa kishuke siku hiyohiyo, na dakika tano za feni kabla ya kuzima injini. Na mtoto akisema, "Mama, gari linanuka," usimwambie avumilie. Muulize analisikia wapi.