Stesheni ya Songea Itakaa Wapi?

Songea haina reli. Anayetaka treni hupanda gari hadi Makambako, safari ya kilomita zinazokaribia 300, ndipo aione TAZARA. Lakini kaa kwenye kijiwe chochote cha bajaji pale Mfaranyaki, haipiti nusu saa kabla treni haijatajwa. Inayotajwa ni reli ya kisasa ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, jumla kama kilomita 1,000, ambayo serikali imekuwa ikiitafutia wawekezaji. Vijana hubishana itakuja lini. Mimi nimezeeka kwenye kazi ya kupima ardhi, nikivuta mnyororo na kuchimbia bikoni, na ubishi wangu ni mwingine: stesheni itakaa wapi?

Kule kusini tulishawahi kuwa na reli. Waingereza waliijenga kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea wakati wa mradi wao wa karanga, miaka ya mwisho ya 1940. Karanga zikagoma, mzigo ukakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Safari hii mzigo upo. Makaa ya mawe ya Mbinga yanapita Songea kila siku kwenye malori yanayokwenda bandari ya Mtwara, na upande wa pili Mbamba Bay inajengewa bandari mpya. Sina wasiwasi kwamba reli itakosa kazi. Wasiwasi wangu ni kwamba itajengwa kwa ajili ya makaa, na abiria wa Songea apewe kibanda porini.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Nairobi ilizaliwa na stesheni: reli ilifika pale mwaka 1899, na jiji likaota kuizunguka. Reli mpya ya Wakenya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, stesheni yake kubwa ikawekwa Syokimau, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Abiria wa Mombasa akajikuta ana safari mbili, na treni ya zamani ikapewa kazi ya kuwapeleka watu kwenye treni mpya. Mombasa nako stesheni ipo Miritini, si kisiwani.

Dar es Salaam walichagua njia nyingine. Stesheni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kuhudumia abiria mwaka 2024, iko jirani na ile ya zamani, katikati kabisa ya mji. Unashuka, unatembea hadi Posta, au unaingia Kariakoo kabla jasho halijakutoka. Ili treni ifike pale bila kukata barabara za mjini, reli ilibidi ipandishwe juu ya nguzo. Ni gharama kubwa, lakini naamini hiyo ndiyo bei ya kumfikisha mtu anakokwenda.

Kwa nini wajenzi hupenda kuitupa stesheni nje ya mji? Si ukatili. Gari la moshi la masafa marefu ni zito, na halipendi vilima wala kona. Barabara inaweza kupanda mita 8 kwa kila mita 100 na lori likajikongoja. Reli ya mizigo kwa kawaida haivuki mita 2. Penye stesheni ardhi inatakiwa iwe karibu tambarare kabisa, iliyonyooka kwa mamia ya mita, maana treni iliyosimama mteremkoni ni hatari na iliyosimama mlimani haiondoki kirahisi. Sasa tazama Songea: Matogoro upande mmoja, mabonde na vijito upande mwingine, nyumba zimejaa kati. Na Matogoro haiguswi, ni chanzo cha Mto Ruvuma. Ardhi tambarare iliyo wazi ipo pembeni, na ndiyo rahisi kulipia fidia.

Kuna waliosoma wanaosema tujenge reli nyepesi ya mjini, kama ya Addis Ababa. Ile ilifunguliwa mwaka 2015, njia mbili zenye vituo 39, treni fupi za umeme zinazopinda kona kali na kupanda miinuko ambayo treni kubwa haiwezi. Inapita katikati ya watu, ndiyo sifa yake. Lakini uzio wake ulitenganisha mtaa na mtaa, mwenye duka huku akawapoteza wateja wa kule, na baada ya miaka michache treni nyingi zikawa zimelala kwa kukosa vipuri. Songea kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya 286,000. Ni mji unaokua, mwaka 2012 tulikuwa kama 203,000, ila bado hatujafika pa kuhitaji treni ya kwenda Lizaboni. Tunahitaji stesheni moja nzuri na barabara pana ya kuifikia.

Habari ya kituo cha mbali tumeshaionja kwa mabasi. Stendi kuu ilipohamia Shule ya Tanga, nje kwa barabara ya Njombe, katikati ya mji pakapumua. Lakini mama anayeshuka usiku na mtoto mgongoni, kwake Ruhuwiko, anaanza safari ya pili, na nauli anapangiwa na mwenye bodaboda. Mpangaji wa mji hana kosa, mabasi yalikuwa yametuziba. Ninachosema ni kwamba kituo na njia ya kukifikia ni mradi mmoja, na njia ikichelewa, kituo kinakuwa nusu.

"Mjomba, treni ikija si sisi ndio tutakufa njaa?" kijana mmoja wa bajaji aliniuliza. Nikamwambia treni haimfikishi mtu mlangoni. Inashusha mamia kwa dakika chache, na wote wanatafuta usafiri kwa wakati mmoja. Mwenye kufa njaa ni yule ambaye hakupangiwa maegesho.

Kwa maoni yangu mizigo na abiria watenganishwe. Yadi ya makaa iende upande wa Mbinga, mbali na makazi, vumbi lake libaki huko. Stesheni ya abiria isogezwe kadiri mteremko unavyoruhusu kwenye makazi yanayokua, ambako watu wengi wataweza kuifikia kwa mguu ndani ya dakika kumi. Ardhi yake itengwe sasa, ingali shamba la mahindi. Ikishakuwa na nyumba, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inamruhusu Rais kuichukua kwa manufaa ya umma, na mwenye nyumba anastahili fidia ya ardhi, majengo na mazao pamoja na posho ya usumbufu. Lakini mara nyingi kinachotangulia ni alama ya kubomolewa, X nyekundu ukutani, na fidia inafuata kwa mwendo wake. Nimeona familia zikiishi na alama hiyo, haziezeki upya wala hazihami.

Kwa hiyo wewe unayenunua kiwanja hapa Songea, iwe Mshangano, Mletele au Tanga, kabla hujatoa pesa nenda ofisi ya mipango miji ya Manispaa, omba kuonyeshwa mchoro, uliza kama njia ya reli inapita hapo. Na siku ya mkutano wa mtaa watakapokuja wataalamu na ramani zao, usiulize treni itakuja lini. Waulize stesheni ya abiria iko umbali gani kutoka barabara ya lami, na hiyo barabara nani anaijenga.