Helikopta ya rota mbili: faida iko kwenye mzigo, hasara kwenye vipuri

WAWEKEZAJI wanaofikiria kuingiza fedha katika helikopta ndogo za kazi mikoa ya kati, kwa mfano kunyunyizia dawa ya kweleakwelea wanaoshambulia mtama na uwele, waanze na hesabu ya hewa.

Uwanja wa ndege wa Dodoma upo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika joto la nyuzi 30, hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Mapanga hunyanyua kidogo na injini hupungua nguvu. Hivyo, mzigo unaotajwa na muuzaji kwa usawa wa bahari sio utakaonyanyuka Dodoma saa nane mchana.

Ndipo muundo wa rota mbili zinazopishana unapovutia. Helikopta ya kawaida ina rota moja juu na panga dogo mkiani la kuizuia isizunguke yenyewe. Panga hilo huweza kula sehemu ya kumi ya nguvu ya injini bila kunyanyua kilo hata moja. Katika muundo huu, milingoti miwili huinamishwa nje, rota zikazunguka pande tofauti, kila moja ikifuta msokoto wa mwenzake. Nguvu hiyo hurudi kwenye mzigo.

Wazo hili si geni. Mjerumani Anton Flettner aliliunda katika Fl 265, iliyoruka mwaka 1939. Kampuni ya Kaman ya Marekani ikatoa K-MAX, iliyoruka mwaka 1991. Ikiwa tupu ina kilo 2,300 hivi, lakini kwa usawa wa bahari huning'iniza hadi kilo 2,700.

Tatizo ni giaboksi. Mapanga hupita eneo moja kwa zamu. Gia zikipoteza mpangilio, yatagongana. Usahihi huo ni ghali hata kwa mashine ndogo. Aidha, muundo huu haukimbii sana, hivyo haufai biashara ya abiria wenye haraka.

Soko lake nalo ni dogo. Kaman ilisimamisha utengenezaji wa K-MAX mwaka 2003, ikaurudia, kisha mwaka 2023 ikatangaza kuufunga tena.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mnunuzi adai majibu matatu kwa maandishi: mzigo kwa mita 1,100 na nyuzi 30, giaboksi ya akiba itatoka wapi na kwa muda gani, na kama Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itaikubali mashine hiyo. Jibu moja likikosekana, fedha zibaki benki.