Kioo janja hospitalini: Kinaweza kumsitiri mgonjwa Kyela?

Kyela. Muda wa kuona wagonjwa ukifika, wodi hujaa haraka. Ndugu wanaingia na hotpoti za wali na chupa za chai, kila mmoja anatafuta kitanda cha mtu wake, na macho yanapita kwenye vitanda vya wengine.

Sasa fikiria mwanamke aliyefanyiwa upasuaji, nesi anamsafisha kidonda cha tumboni. Mlangoni anaingia baba mkwe wake, ambaye hata hakuja kwa ajili yake. Amekuja kumjulia hali dada yake aliyelazwa kitanda cha pili. Kati yao kuna khanga moja tu, iliyoshikwa na ndugu wa mgonjwa kwa mikono miwili.

Kwa Wanyakyusa hilo si jambo dogo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwao miaka ya 1930, aliandika jinsi mkamwana alivyotakiwa kumkwepa baba mkwe: asikutane naye njiani, asimtazame, asitaje hata jina lake. Siku hizi mambo yamelegea, lakini aibu ya kuonwa na mkwe ukiwa hujajisitiri ipo pale pale, na si Kyela peke yake.

Kazi hiyo ya khanga ndiyo inayofanywa na kioo janja katika baadhi ya hospitali za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, hasa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi (ICU). Nesi anabonyeza swichi, na kioo kilichokuwa kinaonesha kila kitu kinageuka cheupe kama maziwa. Akibonyeza tena, anamwona mgonjwa wake.

Kinafanyaje kazi?

Katikati ya vioo viwili kuna utando mwembamba wenye matone madogo mno, yasiyoonekana kwa macho. Matone hayo ni ya kimiminika chenye tabia ya fuwele, ndugu wa kile kilichomo kwenye skrini ya LCD ambayo fundi simu hukubadilishia simu ikianguka. Kiligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, akiwa anachunguza kitu alichokitoa kwenye karoti.

Umeme ukipita kwenye utando, molekuli ndani ya matone zinajipanga kuelekea upande mmoja, mwanga unapita moja kwa moja na unaona ng'ambo. Umeme ukikatwa, zinarudi kukaa shaghalabaghala na mwanga unatawanyika kila upande.

Aliyewahi kuamka Matema asubuhi ya mvua anaijua hali hiyo. Ukungu ulioshika Milima ya Livingstone ni maji tu, na maji hayana rangi. Lakini yakiwa matone madogo mengi yanatawanya mwanga, na mlima mzima hauonekani.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kioo hiki hakihitaji umeme ili kifiche, kinauhitaji ili kioneshe. Umeme ukikatika, kinabaki cheupe.

Mfano uliosambaa sana mitandaoni ni wa vyoo vya umma vilivyojengwa mwaka 2020 kwenye bustani mbili za eneo la Shibuya, Tokyo, na msanifu majengo Shigeru Ban. Kuta zake ni za kioo, unaona ndani kabla hujaingia, lakini ukifunga mlango kwa komeo hakuna anayekuona. Baridi kali ilipokuja, kioo kikawa kinachelewa kugeuka. Angalau hilo Kyela si tatizo.

TANESCO na nesi wa zamu

Kwa sehemu ambayo umeme unakatika bila taarifa, kioo kinachoficha chenyewe giza likiingia ni habari njema kwa mgonjwa. Hata matumizi yake ni madogo: mita moja ya mraba inakula wati chache tu, kama balbu ndogo ya LED.

Kwa nesi ni habari nyingine. ICU ina madirisha ya ndani kwa sababu mtu mmoja anaangalia wagonjwa kadhaa kwa wakati mmoja. Kioo kikigeuka cheupe saa nane usiku, nesi hamwoni mgonjwa aliyevua mpira wa oksijeni. Kwa hiyo lazima kiunganishwe na sola au jenereta pamoja na mashine nyingine, au nesi atembee mlango hadi mlango.

Kingine ni kivuli. Kioo hiki kinatawanya mwanga, hakiuzuii. Usiku, taa ikiwaka ndani na mgonjwa akisimama karibu na kioo, aliye nje anaweza kuona umbo lake.

Joto ndilo mtihani

Kyela iko chini, kwenye bonde la ziwa lililo takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Joto lake linajulikana, mvua yake pia. Wodi za ukanda huu zinaishi kwa madirisha mapana na upepo wa ziwani. Na dirisha lililofunguliwa halifichi kitu, hata liwe janja kiasi gani.

Ukitaka kuizungushia wodi nzima vioo, itabidi ununue na viyoyozi, na hapo ile hesabu ya wati chache imekufa. Unyevu nao si rafiki, kwa sababu ukipenya kwenye kingo za utando, utando huanza kuharibika kuanzia pembeni.

Kwa hiyo kwa wodi ya vitanda ishirini, jibu ni hapana. Panapoleta maana ni kwenye vyumba ambavyo tayari vimefungwa na vinahitaji kuangaliwa kutoka nje, kama ICU au chumba cha uangalizi baada ya upasuaji. Chumba cha ultrasound au cha kupima hakihitaji swichi yoyote. Kioo cha ukungu, kile cha madirisha ya bafuni, kinatosha na fundi aluminiamu yeyote anakijua. Kioo janja bei yake ni mara nyingi zaidi ya hicho.

Usidharau pazia, ila lifuliwe

Sababu moja inayofanya hospitali za nje zikimbie mapazia ni vimelea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2012 utafiti uliofuatilia mapazia mapya 13 hospitalini. Ndani ya wiki moja, 12 yalikuwa tayari yamebeba bakteria. Kila anayelivuta pazia analiachia alichonacho mkononi.

Kioo kinafutwa kwa dawa na kazi inaendelea. Kwa wilaya ambayo kipindupindu kimeirudia mara kadhaa, sehemu inayofutika ina thamani yake.

Masikio je?

Wodini, vitanda vikiwa hatua mbili mbili, daktari akiuliza "dawa zako za kila siku unatumia?" wodi nzima imeelewa. Kizigo cha kioo kisichofika juu hakizuii hilo.

Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yabaki siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Zote mbili zinavunjwa kirahisi kabisa kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima.

Leba ndiyo penye uhitaji

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mama anayejifungua apewe huduma inayolinda utu, faragha na siri zake, na awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Pendekezo hilo la pili linagonga ukuta ambao haupo. Kama vitanda vya leba havijatenganishwa, mume wa mmoja akiingia atawakuta na wengine. Hivyo mume anabaki nje chini ya mwembe, hata kama mke wake anamtaka ndani.

Kwa leba, kizigo kisichoonesha muda wote kinatosha, kiwe cha ubao, kioo cha ukungu au pazia linalofuliwa. Kwa bei ya dirisha moja la kioo janja unapata viunzi kadhaa vya pazia vyenye magurudumu, vile ambavyo manesi huviita skrini. Mara nyingi kimoja kipo tayari, kimesogezwa kwenye kona ya wodi, na mgonjwa anaweza kuomba kisogezwe kitandani kwake kabla hajavua nguo.