Mashine ya Kupumulia Isikae Kabatini

Tukitembelea wagonjwa nyumbani, mara nyingine tunakuta mashine ya kupumulia usiku imefungiwa kabatini. "Inanisumbua tu," mzee anatuambia. Tunamwelewa. Lakini anayekoroma na kukatika pumzi, koo lake hujiziba akilala. Mashine husukuma hewa ili libaki wazi. Haiponyi. Usiku usipoivaa, pumzi hukatika tena, presha huweza kupanda, na kesho yake unasinzia hata kwenye usukani.

Basi tusikate tamaa mapema. Barakoa ikivuja au kubana, rekebisha mikanda. Pua ikikauka, mwulize daktari kuhusu kifaa cha kutia hewa unyevu. Ivae kwanza mchana ukisikiliza redio, mpaka uizoee. Nanyi wa nyumbani, mkumbusheni mzee kwa upole, msimcheke.