Kusubu Alumini kwa Vyombo vya Kujitengenezea

Wako wengi wadhanio kwamba kazi ya kusubu madini haiwezekani pasipo karakana kubwa na fedha nyingi. Sivyo. David Gingery, Mmarekani aliyeieleza kazi hii katika mfululizo wa vitabu tangu miaka ya 1980, alianza na ndoo ya chuma iliyokandikwa udongo ndani, na makaa ya miti. Kwa vipande alivyosubu humo aliunda mashine ya kukerezea chuma, na kwa mashine hiyo akaunda nyingine.

Changanya udongo wa mfinyanzi na mchanga safi, ukandike ndani ya ndoo unene wa vidole vitatu au vinne, na karibu na chini uache tundu la kupitishia upepo. Mivukuto ya mhunzi yatosha kabisa. Acha udongo ukauke siku nyingi, kisha uwashe moto mdogo kwanza.

Chungu cha kuyeyushia kiwe kipande cha bomba nene la chuma kilichochomelewa kitako. Kopo jembamba halifai, kwa kuwa alumini iliyoyeyuka hula chuma polepole, na kopo likitoboka mzigo wote humwagika motoni. Wala usitumie chuma kilichopakwa zinki. Moshi wake huleta homa. Pistoni kuukuu za motokaa ni bora kuliko sufuria mbovu, maana zilikwisha kusubiwa tangu mwanzo.

Alumini huyeyuka kwenye sentigredi 660, na mchana haionekani kuwa nyekundu. Basi mgeni wa kazi huidhani bado baridi.

Kwa kalibu, tengeneza fremu mbili za mbao, ujaze mchanga laini wenye udongo na maji kidogo. Ufumbate mkononi: ukishikamana na kuvunjika vizuri, wafaa. Ukilowa ni hatari, kwani maji yakigeuka mvuke hupanuka mara 1,600 hivi, na mvuke ukikosa njia hurusha madini ya moto usoni pako. Toboa mchanga kwa waya ili mvuke upite. Kipande chenye unyevu kikitumbukizwa chunguni hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo vipashe vyote moto kwanza kando ya tanuri. Vaa buti za ngozi, suruali ikizifunika, na umiminie juu ya mchanga mkavu, si juu ya sakafu ya saruji, maana saruji nayo ina maji ndani yake.