Mkono Mmoja Haulei Farasi

Ukilisikia jina la Kisumu Ndogo, ewe msomaji wa mwambao, huenda fikira zako zikaruka hadi Malindi, maana huko nako uko mtaa wa jina hilo. Mimi leo nakusudia Kisumu Ndogo ya Nairobi, kimoja katika vijiji vya Kibera, jirani na Makina na Gatwekera. Hapo mabati yamegusana na mabati, na katika vichochoro vingine watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Lakini mtu akitoka hapo akaelekea upande wa Barabara ya Ngong, kwa miguu yake tu, atafika kwenye uwanja mpana wa majani mabichi. Huo ndio uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wanaokimbia hapo wana nasaba zilizoandikwa, baba na mama, babu na bibi, kama zinavyoandikwa nasaba za koo kubwa za kwetu.

Najua yuko atakayeuliza: mbio za farasi zatuhusu nini sisi, na pale pana kamari? Suala hilo ni la haki. Kamari ni haramu, na makala haya hayakuja kuitafutia ruhusa. Ama farasi mwenyewe, huyo ana heshima yake katika dini yetu. Iko sura nzima katika Kurani, Al-Adiyat, inayofunguliwa kwa kiapo cha farasi wendao mbio. Na katika Hadithi iliyopokewa kwa Ibn Umar twapata habari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi huko Madina. Wale waliokwisha kutayarishwa walipewa masafa marefu, na wasiotayarishwa wakapewa mafupi. Kutayarisha huko Waarabu walikuita idhmari: farasi hulishwa hata akanenepa, kisha hupunguziwa chakula na kufunikwa nguo ili atoke jasho, mpaka nyama ikaze na pumzi irefuke. Basi kumfunza farasi si kazi ya jana. Ni ulezi, na ulezi una adabu zake.

Katika wafunza farasi waliopata sifa Nairobi, sijui jina lililovuma kushinda la Bibi Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Mama yake alirejea kwao, naye akabaki na baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa na shamba na farasi huko Njoro. Akakua akisema Kiswahili, akicheza na kuwinda pamoja na watoto wa Kikalenjin waliokaa shambani. Mwenzake mkubwa alikuwa kijana jina lake Kibii, ambaye alipoingia utu uzima aliitwa arap Ruta.

Ukame ukaja, shamba likafilisika, na baba mtu akaenda kutafuta maisha Peru, Amerika ya Kusini. Binti alikuwa na umri kama wa miaka 18. Akabaki Kenya, akafanya kazi aliyoijua tangu utoto, akawa mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio. Na arap Ruta akawa naye.

Kisa chake mashuhuri ni cha mwaka 1926, alichokisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa akimfunza farasi mmoja hodari, Wrack, kwa ajili ya St. Leger, mbio ndefu za farasi wa miaka mitatu. Zilipobaki wiki 12, mwenye farasi akashawishiwa kwamba kazi ile si ya msichana. Akamchukua Wrack na kumpa mfunzaji mwingine. Bibi Beryl akaachwa na farasi jike aitwaye Wise Child, mwenye mbio nyingi na mishipa dhaifu ya miguu. Farasi wa namna hiyo akikimbizwa kwenye ardhi ngumu hukatika, na asipokimbizwa hapati pumzi. Akamfanyisha mazoezi kwenye ardhi laini ya kando ya ziwa, siku baada ya siku, na miguu ile ikitazamwa kama yai. Siku ya mbio Wise Child akamshinda Wrack.

Yaliyofuata ulimwengu wote waliyasikia. Bibi huyu alijifunza urubani, na Septemba 1936 akaruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi. Baada ya saa 21 na ushei akatua kwa kishindo kwenye kinamasi cha Cape Breton, nchini Kanada, akatoka hai. Mwaka 1942 kikatoka kitabu chake, West with the Night. Lakini farasi walimrudisha. Vita vilipokwisha akarejea Kenya, akafungua tena mazizi, na farasi aliowafunza wakaichukua Derby ya Kenya mara sita. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, naye miaka yake ya mwisho alikaa katika nyumba ndogo hapo hapo kwenye uwanja wa Ngong.

Mara sita si hesabu ndogo. Huko Ayalandi, nchi ambayo farasi kwao ni kama jahazi kwetu, alikuwako Vincent O'Brien, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki 2009. Wengi humhesabu kuwa bingwa wa mabingwa wa kazi hii. Alishinda Grand National, mbio za kuruka viunzi huko Uingereza, miaka mitatu mfululizo, 1953, 1954 na 1955, kila mwaka na farasi mwingine. Kisha akaichukua Derby ya Epsom mara sita, wa kwanza Larkspur mwaka 1962 na wa mwisho Golden Fleece mwaka 1982. Mashindano ya Nairobi na ya Epsom hayalingani uzito, hilo sibishi. Lakini siri ya kazi ni moja: jicho linaloona ugonjwa kabla haujaonekana.

Je, jicho hilo ni la nani? Ndilo lililonipeleka Kisumu Ndogo, kumtafuta saisi mmoja mstaafu. Saisi ni yule amlishaye farasi, amsafishaye na kumwongoza kwa hatamu. Nilimkuta mzee wa Kijaluo, mrefu, ameketi juu ya kigoda mlangoni pake. Aliponiona na kofia yangu akaniita shekhe, nami nikamwita mzee wangu. Nikamwuliza kazi yake ilianza saa ngapi.

"Ile saa nyinyi mnaadhini," akasema. "Kabla sijampa farasi maji, napitisha mkono miguuni. Hivi, kwa mgongo wa kiganja, kutoka goti mpaka kwato. Mguu ukiwa na moto, kuna neno. Halafu natazama kihori. Farasi akibakiza shayiri, anasema kitu."

Akanisimulia kuwa mwaka mmoja, siku tatu kabla ya mbio kubwa, aliusikia moto kidogo sana katika mguu wa mbele wa farasi aliyetumainiwa na watu wote. Angenyamaza, farasi angekimbia, na kama angeshinda masaisi wangepata bahashishi. Alikuwa na watoto wanaodaiwa karo. Akasema. Farasi akaondolewa mashindanoni, na wenzake wakamnunia mwezi mzima. Msimu wa pili farasi yule akakimbia, akashinda.

"Na magazeti yalisema nini?" nikamwuliza.

Akacheka. "Yaliandika mwenye farasi. Yakaandika mfunzaji na mpandaji. Yakaandika baba yake farasi, na hata mama yake farasi."

Nikamwomba ruhusa niandike jina lake. Akakataa kwa upole. "Andika ya farasi, shekhe. Sasa nimeshazoea." Nimemtii, lakini kwa shingo upande.

Pale Kibera jambo hili si geni. Mahali hapo palianzwa na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, wazee wa Wanubi, Waislamu wenzetu. Mwaka 1918 serikali iliwatangazia ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Wajukuu wao walikaa karibu miaka 100 hata mwaka 2017 ndipo jamii ikakabidhiwa hati, nayo ya ekari 288. Mtu anaweza kutumika umri mzima, na karatasi yenye jina lake isimfikie.

Sasa turudi kwa arap Ruta. Tunamjua kwa sababu moja tu: Bibi Markham alimwandika. Alimtaja mazizini, akamtaja penye ndege, akamtaja kama rafiki. Ushindi wa mwaka 1926 aliusimulia naye ndani yake. Kwangu mimi hili ni katika sifa zake kubwa, pengine kubwa kuliko Derby sita, maana wenye vikombe ni wengi na wanaokiri ni mikono ya nani iliyowasaidia ni wachache. Masaisi wangapi waliamka alfajiri kwa ajili ya zile Derby sita, na majina yao leo yako wapi?

Sisi tuliosoma chuoni twaijua thamani ya isnadi. Hadithi hupokewa kwa fulani, kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani, na kiungo kimoja kikikosekana katikati wanavyuoni huitilia shaka. Ushindi wa farasi nao una isnadi yake. Kuna aliyemzalisha, aliyemlisha, aliyemfunza na aliyempanda. Kumruka mmoja ni kuipokea habari nusu.

Na dawa yake si ngumu. Huko Uingereza na Ayalandi ziko tuzo za kila mwaka kwa ajili ya wafanyakazi wa mazizi, zinazodhaminiwa na Godolphin, mazizi ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum. Kwetu twaweza kuanza na dogo kuliko hilo. Orodha ya mbio humtaja farasi, wazazi wake, mwenyewe, mfunzaji, mpandaji na uzito anaoubeba. Pakiongezwa mstari mmoja wa jina la saisi, wino utakaotumika ni tone. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wa farasi ni vivyo hivyo, na yule aliyeusikia moto mguuni ana haki ya kusomwa jina lake.