SOMO LA REDIO: KAMBA INAYOPANDA MLIMA

  Leo tutasoma habari za kampuni iliyojenga njia za kupandia milima. Mwalimu aandike ubaoni maneno haya: kamba ya waya, mlingoti, kuning'inia.

Sisi wakazi wa Arusha twaujua mlima. Mama anayeteremka kutoka Meru na mkungu wa ndizi kichwani huchoka magoti. Basi jiulizeni: uzito ule unaoshuka, je, hauwezi kufanya kazi?

Mjerumani Adolf Bleichert aliona kwamba waweza. Mwaka 1874 alianzisha kampuni ya kujenga njia za kamba, nayo ikakaa katika mji wa Leipzig. Njia hizo zilikuwa na kamba mbili za waya, zilizopita juu ya milingoti. Kamba ya kwanza haiendi. Hiyo ni kama reli, na magari huning'inia juu yake kwa magurudumu. Kamba ya pili huzunguka na kuvuta magari. Gari lenye mzigo likishuka, huivuta kamba hiyo, nayo hupandisha gari tupu upande wa pili.

Njia moja ilijengwa nchini kwetu, kabla ya Vita ya 1914. Huko Shume, katika milima ya Usambara, kampuni ya Wilkins na Wiese ilikata miti ya mierezi. Mteremko ulikuwa mkali mno. Basi kampuni ya Bleichert ikajenga njia ya kamba ya karibu kilomita 9, inayoshuka karibu mita 1,500 mpaka stesheni ya Mkumbara. Pale mbao zilipakiwa katika gari moshi kwenda Tanga. Reli hiyo ndiyo iliyofika Arusha mwaka 1929.

Mwaka huo huo wa 1929, watu walianza kupanda Table Mountain, Afrika Kusini, kwa njia ya kamba ya Bleichert. Katika miaka ya 1930 kampuni iliunda pia kamba za kuvuta watu wanaoteleza juu ya theluji huko Ulaya. Lakini madeni yaliiangusha mwaka 1932, ikaanzishwa upya. Baada ya Vita ya Pili ikawa mali ya serikali, na jina la Bleichert likaondolewa.

Habari hizi zinatuhusu. Mwaka 2019 Serikali yetu ilisema inafikiria njia ya kamba katika Kilimanjaro. Waliounga mkono walisema wazee na walemavu nao wataufikia mlima. Wapagazi na waongozaji walipinga, maana mgeni akipandishwa na kamba, hahitaji wa kumbebea mzigo, na mpagazi hana mshahara.

Ndugu zangu, chombo kipya kikija, tusikisifu wala kukikataa upesi. Kwanza tuulize: nani atapumzika, na nani atakosa kazi?

Maswali ya kujadili:
1. Gari tupu lilipandishwa na nini?
2. Njia ya Shume ilimfaa nani?
3. Kama ingejengwa Meru, kijiji chenu kingepata nini, na kingepoteza nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.